Mjane wa Ukurasa wa 214

Kwao walianza kumwita Dokta siku ile ile barua ya ufadhili ilipofika, miaka minne kabla ya kuupata huo udokta wenyewe, na hakuna aliyejali kwamba katikati hapo palikuwa na kazi ya kufanya. Mama yake aliisoma barua kwa sauti mara tatu, ya tatu akiwasomea majirani. Mjomba wake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni udokta wa nini. Alipoambiwa ni wa historia ya Ulaya, alikuna kidevu.

"Yaani Wazungu wameshindwa kujisomea wenyewe mpaka wakuite wewe?"

Baba yake, karani mstaafu wa masjala ya ardhi, aliichukua barua, akaangalia namba ya kumbukumbu juu, akaangalia sahihi chini, akairudisha kwenye bahasha yake vilevile ilivyokuwa imekunjwa. Kwa baba, hiyo ndiyo ilikuwa hongera.

Basi Dokta akasafiri. Chuo alichofikia kilikuwa kikongwe, na kilihakikisha kila mgeni analijua hilo kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Idara ya historia ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya ngazi za mawe zilizolika katikati kwa nyayo za watu wenye akili. Kwenye hafla ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, watu kumi na mmoja walimuuliza swali lile lile la mjomba wake, ila kwa adabu. "Inapendeza sana. Lakini hukutaka kusoma historia ya kwenu?" Mwanafunzi mwenzake aliyesimama naye, mzaliwa wa mtaa wa pili kutoka hapo, alikuwa anaandika tasnifu juu ya wafanyabiashara wa jangwani, katika nchi aliyoitembelea kwa wiki mbili akarudi anaharisha. Huyo hakuulizwa chochote. Huyo walimwita mtaalamu.

Lakini Dokta alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mwanamke. Miaka mia tatu iliyopita, katika mji mdogo usio mbali na chuo hicho, mjane wa mwoka mikate alisimama kwenye mkutano wa chama cha waokaji, mbele ya wanaume arobaini, akakataa kurudisha ufunguo wa tanuri la marehemu mumewe. "Moto haujawahi kuniuliza mimi ni nani," aliwaambia, "na nyie msiniulize." Profesa aliyemsimamia Dokta alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya mjane huyo, na chini ya maneno yale aliweka rejeo: Daftari la Chama cha Waokaji, ukurasa wa 214. Kitabu hicho ndicho kilichomfanya kuwa Profesa. Maneno ya mjane yalichapishwa hadi kwenye vikombe vya chai, vikauzwa katika duka la chuo. Na nakala moja ya kitabu, isiyo na jalada, ilizunguka dunia kwa njia zake yenyewe mpaka ikaishia katika maktaba ya mji wa akina Dokta. Aliisoma akiwa msichana wa miaka kumi na sita, akiwa wima kati ya rafu, akasahau kabisa kwamba alikuwa ametumwa sabuni.

Alimpenda huyo mjane. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Hata ombi lake la ufadhili alilijenga juu ya mjane, na hapo ndipo lilipo doa. Aliandika: "Kama inavyoonekana katika Daftari la Waokaji, ukurasa wa 214." Hakuandika kwamba amesoma kitabu cha Profesa kinachosema kimesoma daftari. Alilinyanyua rejeo la mwenzake, akalivaa kama lake. Wanahistoria hufanya hivyo kila siku na huliita jambo hilo ufupisho. Fundi cherehani akifanya hivyo na nguo ya mteja huitiwa polisi. Na barua ya ufadhili, ile iliyosomewa majirani, ilisema kamati imevutiwa mno na ukaribu wake na vyanzo vya asili. Wakati huo kati yake na hicho chanzo palikuwa na ndege mbili na treni moja.

Kwa hiyo alipofika, jambo la kwanza alilotaka ni kulisafisha hilo doa kimyakimya. Angelifungua daftari, angemsoma mjane wake kwa macho yake, na uongo ungegeuka kuwa kweli iliyochelewa tu kidogo.

Nyaraka zilikuwa chini ya ardhi, chini ya maktaba kuu, chini ya himaya ya mtunza nyaraka, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuthubutu kuipinga.

"Koti kule. Begi kule. Maji, hapana. Hiyo nini, kalamu?"

Dokta alimkabidhi. Mtunza nyaraka aliipokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya, akaitia kwenye droo na kumpa kipande cha penseli.

"Humu ndani ni penseli tu. Wino ukidondoka umedondoka. Juzi juzi nimemtoa nje waziri kwa kalamu yake."

Kisha akampa kadi ya boksi. Kila anayefungua boksi huandika jina, tarehe na sahihi, ndipo kifuniko kinyanyuliwe. Dokta, kabla ya kuandika, aliipiga picha kwa simu yake. Haikuwa kwa ujanja wowote. Ni baba yake aliyemlea hivyo: kabla hujafungua faili, nakili kwanza orodha ya waliolifungua. Watoto wengine walifundishwa kuogelea.

Kadi ilikuwa karibu tupu. Jina la mwisho lilikuwa la mwalimu mmoja wa shule ya msingi, miaka sitini iliyopita. Dokta alilitafuta jina la Profesa juu, chini na nyuma. Akajiambia lazima ipo kadi nyingine mahali, akaandika lake chini ya mwalimu, akaketi.

Alisoma wiki tatu. Mwandiko ulikuwa wa kuku, na karani wa enzi hizo alikuwa na tabia ya kufuta kwa kidole. Lakini kidogo kidogo waokaji walianza kuongea. Walitozana faini kwa mikate myepesi. Waligombana miaka sita juu ya nani asafishe bomba la moshi la pamoja. Walifanya kikao cha dharura kwa sababu paka amezalia kwenye unga na mwenye unga ameuuza hivyo hivyo. Dokta alicheka peke yake humo chini mpaka mtunza nyaraka akainua macho. Hakuruka kurasa. Mjane alimweka mwisho, kama mtoto anavyobakiza kipande cha nyama pembeni ya sahani.

Jumanne moja asubuhi alifika ukurasa wa 188. Karani alikuwa ameandika kwamba daftari limejaa, anamshukuru Mungu, na anaomba alipwe. Baada ya hapo palikuwa na jalada la ngozi.

Alikagua mshono. Hakuna karatasi iliyochanwa, hakuna uzi uliolegea. Akaenda kwenye meza ya mtunza nyaraka, akauliza kama kuna daftari la pili.

"Lipo moja tu," alisema mtunza nyaraka. "Unatafuta nini?"

"Mjane."

"Mjane yupi? Huyu wa vikombe?" Mtunza nyaraka alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyo mwalimu aliyekutangulia kwenye kadi ndiye aliyeandika mchezo wa kuigiza, mji ulipoadhimisha miaka mia nane. Mama yangu ndiye aliyecheza mjane. Alipofika kwenye moto haujaniuliza, watu walilia."

"Sasa mwalimu alimtoa wapi?"

"Kichwani. Alikuwa na kichwa kizuri sana yule mzee."

Dokta alirudi kwenye kiti chake, akalitazama jalada la ngozi. Iliuma, tena iliuma kama msiba, jambo ambalo ni upuuzi, maana hakuna aliyekufa. Huwezi kumzika mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Baada ya uchungu ikaja hofu. Ijumaa hiyo kulikuwa na baraza la tathmini, kikao kinachoamua kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aendelee kufadhiliwa au la. Bila ufadhili hakuna kibali cha kuishi, na bila kibali kuna tiketi ya kurudi, ya upande mmoja.

Jumatano alikwenda kwa Profesa. Ofisi yake ilikuwa na zulia, dirisha kubwa na vikombe sita vya mjane. Profesa alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akikoroga chai.

"Nilipolisoma mimi, lilikuwa na kurasa zaidi," alisema. "Miaka thelathini sasa. Nyaraka hupotea, binti."

"Lakini mshono haujaguswa, Profesa. Na kwenye kadi ya boksi jina lako halipo."

Kijiko kilisimama. "Kadi," alisema Profesa taratibu, kama mtu aliyetajiwa mgeni asiyemjua. Kisha akaanza kukoroga tena. "Nadhani umechoka. Wenzako wengi wanaotoka mbali huchoka mwaka wa kwanza. Hivi hujawahi kufikiria mada ya kwenu? Misafara, jadi, simulizi za wazee. Huko ungekuwa na, nisemeje, mguso wa asili."

"Mguso wangu wa asili uko kwenye mikate, Profesa."

Profesa alicheka sana, akampa kikombe cha saba kama zawadi. "Ijumaa nitakutetea," alisema akimsindikiza mlangoni. "Mradi tusivuruge mambo."

Alhamisi mchana Dokta alimpigia mama yake, akamweleza yote. Mama alisikiliza kwa subira, na subira ilipokwisha alisema, "Sasa huyo mjane si alikufa miaka mia tatu iliyopita?"

"Hakuwahi kuishi, mama. Ndiyo shida."

"Basi si afadhali! Asiyeishi haumii. Wewe unaishi, na kibali chako kinaishi kwa mkono wa huyo Profesa. Nyamaza, usome, urudi na cheti. Dokta, nakuomba, usituletee yale ya baba yako."

Yale ya baba yake kila mtu nyumbani aliyajua na hakuna aliyeyataja. Mkubwa mmoja aliwahi kumtaka baba achomeke jina dogo kati ya mistari miwili ya rejista ya viwanja. Jina tu, na tarehe ya nyuma kidogo. Baba alikataa. Hakupiga kelele wala hakwenda kwa waandishi wa habari; alisema nafasi ile si mstari. Wakamhamisha. Alikohamishiwa akaombwa tena kitu cha namna hiyo, akakataa, wakamhamisha. Vituo vinne katika miaka saba, kila kimoja mbali na lami kuliko kilichopita. Dokta alibadilisha shule nne, moja haikuwa na madawati. Akiwa na miaka kumi na miwili alisimama mbele ya baba yake pale barazani nyumbani, akampigia kelele: "Ni jina tu! Ungeliandika nani angekufa?" Baba aliendelea kusugua viatu vyake na brashi, bila kuinua uso. Dokta alimkasirikia siku ile, na hasira yenyewe haikuwahi kwisha sawasawa.

Ijumaa saa nne asubuhi baraza likaketi. Mwenyekiti wa idara alikuwa mtu wa amani, yaani aliogopa kelele kuliko uongo. Kulikuwa na Profesa, ametulia. Na kulikuwa na mtahini kutoka chuo kingine, bibi kizee mwenye kifaa sikioni, aliyetumia miaka arobaini ya maisha yake kusoma kodi za madirisha na hakuonekana kujutia hata mmoja. Projekta ilikuwa fupi, kwa hiyo waliiinua kwa kitabu cha Profesa.

Dokta hakuwasha projekta.

"Kabla sijaanza, nina jambo la kusahihisha," alisema, na sauti yake ikamshangaza kwa kutotetemeka. "Katika ombi langu la ufadhili niliandika kwamba nimeona ukurasa wa 214 wa Daftari la Waokaji. Nilidanganya. Nilinakili rejeo kutoka kitabuni. Sasa nimelisoma daftari lote, linaishia ukurasa wa 188. Naomba rejeo langu lifutwe."

Mwenyekiti alikohoa. Mtahini aliongeza sauti ya kifaa chake. Profesa akatabasamu kwa huzuni nzuri sana.

"Ukweli huu unampa heshima," alisema. "Ila asijilaumu mno. Ukurasa ulikuwepo, bahati mbaya umepotea. Nilijua litazuka, nikaomba boksi liletwe."

Mtunza nyaraka alikuwa mlangoni na kitoroli chake, uso umekunjamana. Profesa akachomoa kadi, akaiweka mezani kama mchezaji wa karata. Kati ya jina la mwalimu na jina la Dokta, kwa herufi ndogo ndogo zilizobanana, palikuwa na jina la Profesa, sahihi yake, na tarehe ya miaka thelathini iliyopita.

Dokta aliitazama. Siku aliyosaini yeye, hapo pasingetosha inzi.

"Basi, yamekwisha," alisema Mwenyekiti, akifuta paji la uso. "Ukurasa umepotea, inasikitisha, tuendelee na ratiba."

Mtahini alinyoosha mkono, akaichukua kadi. Akavua miwani, akavaa nyingine. Akaigeuza kuelekea dirishani na kukaa nayo muda mrefu.

"Majina yote haya ni ya penseli," alisema. "Hili ni la wino."

Akamgeukia mtunza nyaraka. "Mliwahi kuruhusu wino?"

"Mimi nimemtoa waziri," alijibu mtunza nyaraka.

"Wakati ule sheria zililegea," Profesa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikumbembeleza mtu. Ndiyo mambo ya mtu aliyeandika kurasa mia nne juu ya boksi na hajawahi kukaa kwenye chumba cha nyaraka: hakujua hata wanaandikia nini humo.

Mtahini aliiweka kadi mbele ya Dokta. "Binti, siku ulipoipokea hii kadi, ilikuwa hivi?"

Jibu jepesi lilikuwepo, tena tayari mdomoni: sikuangalia vizuri. Maneno mawili, na miaka mitatu ya ufadhili ingebaki salama. Dokta aliiona miaka hiyo, na chumba chake chenye kitanda chembamba, na mama anayesomea majirani barua. Akamwona pia msichana wa miaka kumi na miwili, amesimama barazani, anapiga kelele kwamba ni jina tu. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Hapana," alisema. "Haikuwa hivi." Akaweka simu mezani, ile picha ya siku ya kwanza ikiwa wazi, tarehe na saa pembeni. Mwalimu, halafu utupu.

"Jana nilikwenda kula," alisema mtunza nyaraka kwa sauti yake ndogo. "Dakika ishirini. Profesa akaniambia niende tu, atanishikia meza."

Walimtoa Dokta nje. Aliketi kwenye benchi la ukumbini dakika arobaini, akisoma tangazo moja la mashindano ya makasia mpaka akalijua kwa moyo.

Jumatatu taarifa ikaja, na ni haki kuisifu kwa ufundi wake. Profesa alishukuriwa kwa utumishi uliotukuka na kupewa likizo ya mwaka mzima, yenye mshahara, ili amalizie kitabu kipya. Duka la chuo liliagizwa lisitoe oda mpya ya vikombe mpaka vilivyopo viishe. Mwenyekiti alijipongeza kwa kuliongoza baraza katika hali ya utulivu. Dokta alipewa onyo la maandishi kwa kurejelea ukurasa ambao hakuusoma, naye akawa mtu pekee katika jengo zima aliyeadhibiwa kwa ajili ya ukurasa wa 214. Aya ya mwisho, ambayo ilionekana wazi kuandikwa na bibi wa madirisha, ilisema ufadhili wake unaendelea kwa miaka yote iliyobaki, chini ya msimamizi mpya, na kwamba baraza lingependa kusikia zaidi kuhusu yule paka aliyemwandika kwenye ripoti yake ya tathmini.

Alipiga simu nyumbani mchana huo huo. Mama alisikia neno onyo, basi, mengine yakampita. "La maandishi! Sasa majirani nitawasomea nini?" Simu ikasukasuka, ikaishia mkononi mwa baba, ambaye hakupenda simu na aliishika mbali na sikio.

Dokta akamweleza. Alimweleza kwa mpangilio, kama anavyopenda: boksi, kadi, jina lililochomekwa kati ya mistari miwili, tarehe ya nyuma, wino, swali la mtahini. Alipofika kwenye hapana yake, alisubiri amsikie baba atasema nini.

"Wamekuhamishia wapi?" baba aliuliza.

Aliuliza bila uchungu, kama mtu anayetaka kujua apakie masanduku mangapi. Dokta aliegemea ukuta.

"Hawajanihamisha, baba. Nimebaki hapa hapa."

Upande wa pili alisikia kiti kikivutwa, baba anaketi.

"Baba, mwaka ule pale barazani. Nilivyokuambia kwamba ni jina tu..."

"Nilikuwa nasugua viatu," alisema baba. "Sikusikia."

Kisha akaiweka simu chini bila kuikata, kama kawaida yake, na Dokta akamsikia anatembea haraka kuelekea jikoni, akiita kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo, hata arusini. "Mama Dokta! Mama Dokta, amebaki! Wamemwacha pale pale!"